Bibi alidhani namtania

"Utani upo, mjukuu wangu, lakini si juu ya ugonjwa."

Tangu Jumanne kauli hiyo haijanitoka. Bibi alikuja na homa, nikamtoboa kidole, nikaweka damu na bafa, yaani matone ya kuisukuma damu, kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tukasubiri. Mstari wa C, ule wa kuonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi, ulipojitokeza akaunyooshea kidole: "Hiyo ndiyo damu yangu yenye malaria?"

Nikamjibu kama ilivyo: "Hapana, Bibi. Hiyo ni dhahabu."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Usimdanganye mzee wa watu, kesho atakuja kudai pete!" Ndipo Bibi akasema lile neno lake, akajitanda khanga vizuri, akanigeuzia mgongo. Mgonjwa mzima ameondoka akiamini nilimfanyia mzaha.

Dawa za robo hii zimefika, dada ameposwa, mimi bado nipo kwenye ule mstari.

Na ni dhahabu kweli! Chembe zake zina upana wa nanomita 40 hivi. Unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara elfu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho, mwanga ukiipiga elektroni zake hutikisika zote kwa pamoja na kumeza mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 520. Sisi tunabakiwa na wekundu. Chembe hizohizo zikigandana, rangi inahamia zambarau. Mwanasayansi Michael Faraday, kule London mwaka 1857, alitengeneza maji ya dhahabu mekundu kama rubi, akaona kwamba ukubwa wa chembe ndio unaobadilisha rangi. Kwenye kipimo zimevishwa kingamwili za kudaka protini ya vimelea. Pale kwenye C zinadakwa zenyewe, ndiyo maana mstari ule hutokea hata kwa asiye na malaria. Kama Bibi.

Nikiandika haya hasira inaisha, nabaki na furaha tu. Warumi walikuwa na kombe la kioo chenye chembe za dhahabu na fedha, lipo kwenye makumbusho ya British Museum, London: ukilimulika kwa nje ni la kijani, taa ikiwa ndani ni jekundu. Na mimi kutwa nashika kitu cha ukoo huohuo, hapa hapa zahanati.

Jumatatu Bibi anafuata majibu ya mkojo. Nitamketisha pembeni nimweleze taratibu, wenzangu wakiwa chai.

Ila huyu fundi wa bati! Nusu ya hela keshachukua, simu hapokei, na mawingu ya leo si ya kubahatisha.