Maji ndiyo yanayokula njia yetu

Wiki iliyopita kijana mmoja dereva aliyekuja kununua kabichi aliniuliza, "Mjomba, hapa kwenu mnapandaje na mzigo?" Gari lake alikuwa ameliacha juu barabarani, akashuka kwa miguu mpaka kitongojini, viatu mkononi. Nilimpakia kwenye langu tukapanda wote ili ajionee. Ila Land Rover la zamani likishaanza kunguruma mlimani hakuna mazungumzo, kwa hiyo maelezo nayaandika hapa.

Njia yetu inachepuka kutoka barabara ya Lushoto kwenda Mtae, ukishapita Lukozi. Ni kama kilomita 4 za udongo mwekundu, kona 7, kuteremka bondeni tulipo. Kiangazi hata gari dogo linafika. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, udongo uleule unageuka sabuni, na kabichi hazisubiri jua litoke.

Langu ni Land Rover aina ya 109 la mwaka 1978. Karibu na gia kuna kirungu cha njano na mkono wenye kichwa chekundu. Ukibonyeza cha njano, magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta pamoja na ya nyuma. Ukivuta chekundu nyuma, unapata gia nzito, yaani za mwendo mdogo na nguvu nyingi, na magurudumu ya mbele yanaingia yenyewe. Vijana wengi wanaanza kupanda na gia nyepesi, gari likichoka katikati ndipo wanakumbuka chekundu. Hapo lazima usimame, na ukisimama kwenye utelezi na gunia 12 za viazi mgongoni, kuondoka tena ni kazi ya kijiji kizima. Mimi navuta chekundu mapema, kwenye tambarare pale kwenye mparachichi.

Kisha nashuka natembea. Nimeipita njia hii tangu nikiwa utingo wa baba yangu, lakini mvua ikinyesha usiku naipanda kwanza kwa miguu mpaka kona ya tano. Nakanyaga kwa kisigino: pakizama, sipitishi tairi hapo. Naangalia makorongo yamekaa upande gani, nachagua migongo ya kupandishia magurudumu ili difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, isilale chini. Nikirudi kwenye usukani nimeshajua kila tairi litakanyaga wapi. Gia ya pili nzito, mafuta ya kiasi, mguu mbali na klachi, na sibadilishi kitu mpaka juu.

Gari likizima njiani, usiliachie lirudi lenyewe na usijaribu kuligeuza. Shika breki, weka rivasi, achia klachi, liwashe likiwa ndani ya gia, lishuke kinyumenyume kwa nguvu ya injini, usukani umenyooka. Ukikata kona pale, linalala ubavu.

Kinachoniuma ni mtu kukwama halafu akakanyaga mafuta mpaka tairi zinatoa moshi. Dakika mbili tu, anaacha mashimo mawili yanayofika goti. Yeye anasukumwa, anaondoka zake. Usiku mvua inayakuta yale mashimo, inayaunganisha, asubuhi una mtaro. Baada ya wiki mtaro umekuwa korongo, na mama mwenye uchungu wa uzazi anabebwa kwa machela mpaka barabarani. Nimeyaona hayo, kwa hiyo siwezi kulichukulia suala hili kama mchezo wa magari.

Miaka mitatu nyuma lilikuja greda. Tulifurahi mno, watoto walilikimbilia. Lilikwangua njia ikawa nyororo kama meza, likaondoka bila mtaro hata mmoja wa kutoa maji pembeni. Njia ikabaki chini kuliko kingo zake. Mvua za vuli zilipofika, maji yaliingia kona ya kwanza yakatokea kona ya saba, hayana pa kutokea katikati. Tulipoteza njia yote kwa msimu mmoja.

Tangu hapo tunaitunza wenyewe kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi mbili kwa mwezi. Majembe, sululu, mitarimbo, karai za mawe, na akina mama wanaleta makande. Kazi kubwa ni makinga maji. Unachimba mfereji mpana unaokata njia kwa mshazari, udongo unaurundika upande wa chini, unaushindilia. Ukiulaza sana, maji yanasimama, matope yanaujaza, unapasuka. Ukiuinamisha sana, maji yanakimbia na kuchimba. Mimi sina kipimo cha kitaalamu. Naleta ndoo ya maji, namwaga, natazama. Yakitembea mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, tunashindilia. Pale pakali sana tumeweka kinga kila hatua 15, kwingine hatua 30. Tuta tunalifanya pana na lililolala, gari lipande na kushuka bila kugonga bampa.

Shida ikawa maji yaende wapi. Kinga la tatu lilimwaga kwenye maharage ya bibi mmoja. Jumamosi iliyofuata tulimkuta amesimama juu ya tuta, jembe mkononi, ameshaziba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Gari lenu lipite, mimi nile matope?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Tuliacha kazi nyingine zote siku ile. Tulichimba mfereji kupita mpakani mwa shamba lake mpaka korongo la zamani, tukapanga mawe mdomoni, tukapanda majani ya gwatemala pande zote mbili. Sasa anayakata kwa ajili ya ng'ombe wake, na mtu akipitisha gari juu ya majani yale anamfuata mpaka kwake.

Juzi mvua ilianza saa nne usiku. Nilichukua tochi na koti nikapanda kuangalia. Kinga la tatu nililisikia kabla sijaliona. Maji mekundu yalifika pale, yakapinda, yakaingia mferejini, na chini ya tuta njia ilikuwa imelowa tu, haitiririki. La nne na la tano vilevile. La sita lilikuwa limepasuka: bodaboda wamelikata ukingoni ili wapite bila kurushwa, na maji yalikuwa yameshachimba kiganja kizima. Niliziba kwa mawe manne na magome ya mkaratusi, nikarudi kulala. Jumamosi tunaanzia hapo, na nimeshawaambia vijana wa bodaboda waje na majembe yao.