Karura walikuwa na hati pia

Juma hili tumekuwa tukikusanya sahihi za majirani kuhusu kiwanja cha mtaa. Upande wa barabarani pamezungushwa mabati, na inasemekana kuna mwekezaji binafsi anayetaka kusimamisha magorofa ya kupangisha. Kiwanja chenyewe si kikubwa: jakaranda chache, goli lililopinda mwamba, na kivuli wanakopumzikia akina mama wa mboga jua likiwa kali. Mzee mmoja alinirudishia karatasi bila kutia sahihi. "Mwanangu, hao wakishapata hati, imekwisha." Sikuwa na jibu pale mlangoni pake. Ninalo sasa.

Wanyakuzi wa msitu wa Karura walikuwa na hati pia. Msitu ule ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, na bado miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa kampuni kimyakimya ili zijengwe nyumba za kifahari. Kufikia 1998 miti ilikuwa imeanza kukatwa. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, wakaanza kwenda huko na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walizuiwa langoni na wanaume waliokodiwa, wakapigwa kwa marungu na mijeledi. Wangari alipasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na akaitia alama kwa damu yake mwenyewe.

Kila nikiisoma habari hii, akili yangu hubaki kwenye ule mche. Watu walivunjwa vichwa kwa sababu ya kutaka kupanda mti langoni. Aliyewatuma wale vijana alielewa vizuri kwamba mti ukishika mizizi pale, madai yake yanalegea. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaingia barabarani, wakakabiliana na polisi. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ila kwa miaka kama kumi baada ya hapo, Karura ilibaki mahali pa kuogofya. Majambazi walijificha humo, wakataji wakaiba miti ya muhugu usiku, na mtu mwenye akili timamu hakukatiza peke yake. Ardhi ilikuwa imeokolewa na hakuna aliyeitumia. Mambo yalibadilika wakaazi wa pande zote, wa majumba makubwa na wa vijiji jirani kama Huruma, walipoungana na shirika la serikali la misitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2005. Ukawekwa ua wa umeme, vijana wa hapo wakafunzwa ulinzi. Siku hizi wikendi utakuta familia nzima zinatembea kuelekea maporomoko, na mbega wamerudishwa.

Ndiyo maana naona sahihi peke yake hazitatosha hapa kwetu. Kiwanja kitupu ni rahisi kunyakuliwa. Nimezungumza na kocha wa watoto ahamishie mazoezi ya Jumamosi hapo, mabati yawepo yasiwepo, na akina mama wamekubali kutunza miche ya mukinduri tutakayopanda kando ya uwanja. Barua yetu inakwenda kwa Tume ya Taifa ya Ardhi Jumatatu. Kinachokosekana ni ramani ya zamani ya mtaa inayoonyesha kiwanja kilitengwa kwa matumizi ya umma. Jirani aliye na nakala, hata iliyochakaa, aniletee kabla ya Jumapili jioni.