Nilivyopanda bustani juu ya ghorofa Zimmerman

Watu wakinipigia simu kuhusu bustani ya paa, huanza na maua: yapi yatapendeza, yapi hayafi upesi. Mimi huwauliza nguzo za nyumba ziko wapi na mara ya mwisho paa lilivuja lini. Wengine hukata simu wakidhani wamekosea namba.

Zamani nilikuwa nauza miche kando ya barabara, kwa hivyo mimea naijua. Najua inayostahimili jua la Februari na ile inayooza mizizi Aprili. Lakini juu ya paa mimea ndiyo kazi ya mwisho. Kwanza kuna uzito, kisha maji, na hayo mawili niliyajulia kwenye jumba la shosho (bibi) mmoja pale mtaa wa Zimmerman, Nairobi.

Jumba lenyewe lina ghorofa nne, wapangaji wengi chini, mwenyewe juu kabisa chini ya slabu tupu, yaani bamba la zege lililo paa. Aliyewahi kuishi orofa ya juu Nairobi anajua mambo hayo. Januari na Februari zege hupigwa jua kutwa, usiku likarudisha joto lote ndani, na ikifika Julai chumba hicho hicho hakikaliki bila blanketi. Mjukuu wake anayesoma Ujerumani alikuwa amemtumia picha za mapaa ya Stuttgart yaliyofunikwa kijani. "Mama Kevo," shosho akaniambia, "nataka kama hii, na sukuma wiki iwemo."

Nilipopanda juu, kitu cha kwanza nilichoona ni nondo. Kila nguzo ilikuwa imeachiwa nondo nne zinazochungulia, zimeshika kutu, zikingoja ghorofa ya tano. Mjini kwetu hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtu wa bustani, nondo hizo zina maana mbili. Huenda slabu ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa sakafu ya kukaliwa, basi ina nguvu. Na papo hapo, maji ya mvua hufuata nondo hadi ndani ya zege. Nikamwuliza shosho kama tunaweza kuzikata. Alinitazama kama nimemtusi. Ghorofa ya tano ni ya wajukuu, basi, na bustani yangu ni ya kupisha. Tangu siku hiyo nikajua lazima nipange matuta yanayoweza kuondolewa moja moja bila kubomoa chochote.

Sikugusa kitu kabla ya mhandisi kufika, na kwa hilo sijadiliani na mteja yeyote. Nairobi hatujasahau jengo lililoporomoka Huruma mwezi Aprili 2016 wakati wa mvua kubwa, likaua makumi ya watu. Injinia wangu, dada mdogo kwangu kwa umri lakini mkali kuliko mwalimu wa nidhamu, alitaka michoro kwanza. Kisha akapitisha juu ya slabu kile kifaa cha kusaka nondo, akagonga zege hapa na pale kwa nyundo ya springi inayopima ugumu. Michoro mingi ya ploti zetu husema yake, na zege husema lake. Kwa shosho vilisema kitu kimoja. Injinia akaniambia kwamba kwa kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu wamezitumia miaka mingi, paa linalokanyagwa na watu hupangiwa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, na kwamba kilo hizo ni za watu, wala si za udongo wangu. Udongo ni mzigo usiohama. Lazima upate nafasi yake kando.

Nafasi hiyo tuliipata kwenye saruji ya zamani. Juu ya slabu kulikuwa na tabaka la saruji la sentimita tano, limepasukapasuka, halina kazi tena. Tabaka la unene huo ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba. Tukalibomoa lote tukalishusha kwa magunia, na mahali pake tukamwaga jembamba la saruji iliyochanganywa na mawe mepesi ya volkano, likiwa na mteremko wa kupeleka maji kwenye mifereji.

Sasa udongo. Ule mwekundu wa Kiambu tunaoupenda shambani haufai juu ya paa, na sikutaka kuambiwa hivyo na kitabu. Nilijaza debe la lita 20 udongo mwekundu, nikaumwagia maji mpaka ukakinai, nikaacha uchuruzike, nikalipeleka kwa jirani anayenunua vyuma kuukuu maana yeye ana mzani. Kilo 35 na ushei. Debe la pili nikalijaza mchanganyiko wangu: mawe ya volkano yaliyopondwa, yale yanayotoka upande wa Naivasha, maganda ya mpunga ya Mwea yaliyochomwa, na mboji kidogo. Hili nalo lilishiba maji vilevile, likasoma kilo 21. Hesabu baada ya hapo ni nyepesi. Ukitaka kina cha sentimita 10, kila mita ya mraba inakula madebe matano. Udongo mwekundu ungekuwa kilo 175, mchanganyiko ni 105. Yule muuza vyuma aliniuliza kama siku hizi nanunua matope kwa kilo.

Injinia akakubali sentimita 10 katikati ya slabu, na zaidi ya hapo juu ya mihimili na nguzo pekee. Ndiyo maana sukuma wiki ya shosho, inayotaka angalau sentimita 25 za udongo, imo ndani ya masanduku yaliyopangwa mstari mmoja. Mgeni huona kama urembo. Ule mstari unafuata mhimili ulio chini yake.

Kuzuia maji ndiko kulikokula pesa nyingi, na ndiko wateja hutaka kubana. Fundi alitandaza karatasi ya lami ya milimita nne, akaiyeyusha kwa tochi ya gesi, kila ukingo ukipanda juu ya mwenzake sentimita 10. Kwenye ukuta wa pembeni aliipandisha hadi sentimita 15 juu ya usawa ambao udongo ungefika. Kila fungu la nondo tulilijengea kingo ndogo ya zege kulizunguka, lami ikapandishwa hadi juu, nondo zenyewe zikavishwa paipu na kufunikwa. Kazi ya kuchosha ile. Lakini lami peke yake haitoshi, kwa kuwa mizizi huipenda na huipenya. Juu yake tukaweka plastiki nzito ile ambayo wakulima hutandika kwenye mabwawa ya samaki.

Kabla ya udongo wowote kupanda, tulifanya jaribio la maji. Mifereji ikazibwa, paa likajazwa sentimita tano za maji, likaachwa siku mbili. Paa la mita za mraba 100 linataka lita 5,000, na wiki hiyo mtaa ulikuwa kwenye mgao, hivyo tukaita boza, lori la maji. Shosho alilalamika kwamba nanunua maji ya kumwaga. Mimi nilikuwa sebuleni kwake na tochi nikikagua dari pembe kwa pembe, hasa penye nguzo. Palikuwa pakavu. Maji yale yalitumika kuosha ngazi zote hadi getini.

Tabaka zilizobaki zinakwenda haraka: mawe makubwa mepesi ya kupitisha maji, kitambaa cha jiotekstaili cha kuzuia udongo usishuke, kisha mchanganyiko. Kuzunguka kila mfereji tuliacha ukanda wa kokoto usio na mmea. Pia tulitoboa ukuta wa pembeni tukaweka paipu za dharura, kwa sababu mvua ya Nairobi haina subira. Milimita 40 zikinyesha kwenye paa lile ni lita 4,000, na mfereji mmoja ukizibwa na mfuko wa plastiki, maji hayo yote yanakuwa mzigo.

Kwenye mimea nilijiamini, na bado nilibishana na vipimo vya Ulaya. Wajerumani, ambao kanuni zao za mapaa ya kijani hufuatwa na wengi duniani, huotesha mimea yao midogo minene kwenye kina cha sentimita sita au nane. Kwetu, digrii moja tu kusini mwa ikweta, jua la Februari na upepo wa ghorofa ya nne vingekausha kina hicho kabla hujamaliza chai. Nikashikilia 10. Nilipanda shubiri za kwetu, mkonge mwitu, kalanchoe na potulaka, na nikaziba nafasi kwa mimea inayotambaa. Nyasi ya Kikuyu nimeipiga marufuku. Inapendeza uani, lakini vikonyo vyake hutafuta kila ufa, na mianzi ni hivyo hivyo.

Terere na managu, mboga za kienyeji, zilijiotea zenyewe kutoka kwenye mboji, shosho akafurahi. Kilichotuletea mjadala ni mugumo, mti wa jamii ya mtini. Ndege hula tunda, hutua ukutani, na miezi michache baadaye kuna mche wenye majani ya kung'aa ambao mizizi yake inaweza kupasua jengo. Nilitaka kuung'oa. Shosho akasema mugumo haung'olewi hivi hivi na mtu mwenye koleo la plastiki. Mti ule ni mtakatifu kwa Wagikuyu na sikuwa tayari kubishana na mtu wa umri wake juu ya hilo. Tuliuchimba polepole na udongo wake, tukautia kwenye mkebe, ukaenda kwa binamu yake Githunguri ambako una nafasi. Tangu hapo kila mche wa mugumo unaojitokeza husafiri.

Mpangaji wa chumba cha nyuma kwenye orofa ya shosho, kijana wa bodaboda, aliniambia mwezi wa Februari uliofuata kwamba ameacha kulala mlango wazi kwa ajili ya joto. Kwangu hicho ni kipimo tosha.

Habari zikafika zahanati moja ya umma huko Eastlands, nao wakataka paa zima liwe kijani. Nikapanda nikatazama: mabati juu ya kenchi za mbao. Kenchi zile zilihesabiwa kubeba mabati na fundi mmoja. Kilo 100 kwa mita ya mraba zingezikunja. Nikakataa. Lakini mbele ya jengo kulikuwa na kibaraza chenye paa la zege, na chini yake benchi ambazo akina mama hukaa na watoto tangu saa moja asubuhi wakingoja chanjo. Injinia akalipima paa hilo, akalipitisha, tukalipanda hilo peke yake. Bajeti ilitosha, na ubaridi ulikuwa unahitajika pale pale.

Kwenye majengo ya umma tatizo kubwa ni nani atapanda ngazi mwakani. Nyumba ina mwenyewe, zahanati ina kamati. Nilikataa kuanza hadi muuguzi msimamizi alipomteua mlinzi wa mchana na kumkabidhi ufunguo wa ngazi, na malipo yake ya ziada yakaandikwa kwenye mkataba wangu. Kazi zake zimebandikwa nyuma ya mlango wa stoo kwa herufi kubwa: kabla ya Machi na kabla ya Oktoba toa majani kwenye mifereji, ng'oa mche wowote wenye shina gumu, usimwage dawa ya magugu. Maji ya kibaraza hushuka kwenye tangi la pembeni, na yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mboji, kwa hiyo bomba lake linakwenda vyooni na kwenye ndoo za kudekia tu.