Kutoka Kigoma mpaka ilikoundwa Liemba

Treni ya Kigoma ukikaa siti moja na mtu, mpaka mnafika Tabora ushajua ana watoto wangapi, shemeji yake anaumwa nini na lile dumu la mawese chini ya siti anampelekea nani. Mi ndo nilivyoondoka nyumbani 2024 kwenda kusoma Ujerumani, mama alikataa kabisa habari ya ndege mpaka Dar, akasema hiyo hela tununue koti, basi nikapanda treni, kilomita zaidi ya 1,200, tumenunua asali Tabora, tumekula kuku wa Saranda, nashuka Dar nimeshaitwa mwanangu na akina mama watatu ambao sikuwa nawajua.

Ndege sina la kusema, nililala. Sasa Frankfurt nikapanda treni ya kwenda Münster ambako ndo chuo kilipo, behewa limejaa watu halafu kimya, yaani mtu akifungua zipu ya begi unasikia. Nikamsalimia mama mmoja tuliyekaa naye, akaitikia vizuri tu, akarudi kwenye kitabu chake, tukaenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikasema huyu nimemkosea nini jamani. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kule kumwacha mtu na mawazo yake ndo kumheshimu, ila nakiri mpaka leo sijaizoea.

Münster ni mji wa baiskeli. Profesa ana baiskeli, bibi wa miaka themanini ana baiskeli, wameweka mpaka barabara nzima ya kuzunguka mji wa zamani, magari hayaingii. Mi nikajiona mjanja, mtoto wa Kigoma niliyezoea baiskeli yenye madumu ya mawese kwenye vilima vyetu nitashindwa tambarare? Wiki ya pili usiku polisi kanisimamisha, sina taa, faini euro 20. Zaidi ya elfu hamsini ya kwetu hiyo, kwa taa! Na mwezi wa kumi na mbili usiku wenyewe unaingia saa kumi na nusu jioni, ukisema utawahi kurudi kabla ya giza unajidanganya.

Kilichoniuma zaidi lakini ni supamaketi. Nachukua biskuti nasoma pakiti ili nijifunze Kijerumani, imeandikwa kwa majivuno kabisa, "ohne Palmöl", yaani haina mafuta ya mawese. Nikachukua ya pili, nayo hivyo hivyo. Wenzangu darasani wakanieleza habari ya misitu ya Asia inayofyekwa kupanda michikichi, nikawaelewa, ni kweli, ila mi mama yangu kanisomesha kwa mawese anayokamua uani na hajawahi kukata msitu wa mtu, michikichi ni ya babu. Nilijaribu kuwaeleza kwa Kijerumani changu cha miezi mitatu nikaishia kusema mama yangu ni mafuta.

Sasa Papenburg. Baba amekuwa kuli bandarini Kigoma maisha yake yote, kapakia na kupakua Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, mpaka mgongo ukapinda, kwa hiyo sisi nyumbani hiyo meli ni kama ndugu. Mi mwenyewe niliipanda nikiwa darasa la tano na bibi tukienda Kirando, sehemu nyingi haina gati, inasimama majini usiku inapiga honi mitumbwi inakuja mbio, watu wanapanda na kuku, wanashuka na magodoro, bibi kanishika mkono kwa nguvu kama mwizi. Nilivyogundua Papenburg ilikoundwa 1913 ni treni moja tu kutoka Münster nikasema Jumamosi naenda.

Njiani tukasimama Meppen. Dakika kumi, ishirini, arobaini, tangazo halieleweki. Na hapo ndo nilipata maajabu, Wajerumani wakaanza kuongea! Kumbe dawa yao ni treni ichelewe. Behewa zima linalalamika, mmoja anagawa keki, mzee mmoja wa mbele yangu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, maana Kigoma huwa hakuna anayeijua, akauliza Tanzania ipi, nikasema Kigoma. Mzee akakaa vizuri kwenye siti. "Goetzen!" Ndo jina la kwanza la Liemba hilo, Graf von Goetzen.

Yeye mwenyeji wa Papenburg. Akanipa stori yote, meli ilivyofunguliwa vipande vipande, masanduku kama 5,000, Dar es Salaam, reli, na mafundi watatu wa mji wao waliokuja kuiunga Kigoma ikaingia majini 1915. Na Wajerumani walivyoizamisha wenyewe 1916, vita ya kwanza ya dunia, wasiiache kwa adui, mashine wamezipaka grisi kwanza zisishike kutu. Akaishia hapo. Kwake meli imezama basi. Nikamwambia mzee bado, Waingereza waliiopoa 1924, ikaanza kazi tena 1927, na mi nimelala humo na bibi yangu juu ya magunia ya dagaa. Nikamwambia na masanduku hayo hayakujibeba, ni watu wa kwetu waliyabeba. Akanyamaza kidogo, akasema hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Papenburg kwenyewe sikufaidi sana, ziara ya kiwanda cha meli lazima uweke nafasi mapema na mi nimeenda kienyeji, nikaishia kuangalia kwa nje lile jengo, linaonekana toka mbali kama mlima kwenye nchi isiyo na mlima. Meli kubwa za kitalii zinatoka humo zinapita kwenye mto mwembamba Ems zikienda kinyumenyume mpaka baharini. Nikampigia baba video nimgeuzie kamera.

Baba akaangalia kimya. Naondoka Kigoma niliiacha Liemba imepaki inasubiri matengenezo, na yeye hilo ndo linamkosesha usingizi.

"Hapo ndo kwa wenyewe?"

"Ndio baba, ndo hapa."

"Sasa umesimama nje unafanya nini? Ingia uwaulize kama spea bado wanazo."