Siku moja maishani mwangu: asubuhi Amani, alasiri Tongoni

Kazi yangu ni kuongoza watembeaji mkoani Tanga, na njia ninayoipenda kuliko zote huanzia kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ikaishia kwenye mikoko ya Tongoni siku hiyohiyo. Tarehe ya safari hii haipangwi na mgeni wala na mimi. Hupangwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, pwani yetu maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati sisi bado tuko mlimani. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa, dakika 40 hivi mwanzoni, hata saa nzima maji yanapokaribia kuwa mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana. Kwa hiyo nahesabu kama wavuvi: tarehe 5 au 20 ya mwezi mwandamo, ikizidi au kupungua siku moja, maji hupwa mnamo saa 8 au saa 9 mchana. Baada ya hapo nathibitisha kwa jedwali la maji la bandari.

Saa 10:30 alfajiri. Kazi ya kwanza ni udongo. Nachota kidogo njiani na kuufinyanga kwenye kiganja. Ukivunjika, njia ni nzuri. Ukibaki donge linalong'aa, nakata kipande cha juu cha njia na kuongeza nusu saa kwenye ratiba. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa kuwa milima hii ndiyo ya kwanza kuzuia pepo za Bahari ya Hindi, hivyo hata miezi isiyo ya masika wala vuli usitegemee pakavu.

Kila mtu anabeba lita moja na nusu ya maji kwa asubuhi. Lita mbili nyingine za kila mtu zinabaki garini kwa ajili ya pwani. Chakula ni viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na ndizi. Begi langu lina bendeji mbili pana, chumvi za ORS za kurudisha maji mwilini pakiti sita, tochi, kamba ya mita 15 na soksi za akiba. Watembeaji hawazidi wanane kwa waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Malipo ya kuingia hifadhini nayamaliza jana yake nikiwa Muheza, kwa sababu mtandao wa simu bondeni ni wa kubahatisha, na kusubiri ujumbe wa malipo asubuhi kunaweza kukugharimu pwani yote.

Saa 12:15 asubuhi. Tunaanza kupanda kilima cha Mbomole, kinachozidi kidogo mita 1,000. Suruali zinaingizwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe. Ukikuta siafu wamekatiza njia, usisimame kuwatazama. Ruka msafara wao, tembea hatua ishirini, ndipo ujikague.

Wanaoteleza huteleza kwenye mizizi, mara chache kwenye udongo mtupu. Mzizi uliolala sambamba na njia, ukiwa umelowa, ni kama sabuni. Ukikatiza njia ni ngazi, lakini kanyaga nyuma yake, si juu yake. Viatu vya njumu vya mpirani hushika udongo vizuri kuliko buti nyingi za bei, ila juu ya jiwe lenye maji havifai kabisa, kwa hiyo kwenye vijito avae mtu raba au buti yenye soli laini. Fimbo ifike kiwiko. Na kabla ya kukalia gogo, ligonge kwanza: kifutu yumo msituni humu, na rangi zake ni za majani makavu.

Kimya kinafaa hapa, maana chozi wa Amani, ndege mdogo, huonekana juu ya matawi mapema kabla jua halijakolea. Sauti nzito ya mabawa ni hondohondo. Ndege hawa hula matunda ya Maesopsis, mti ulioletwa na kupandwa humu, na kwa kusambaza mbegu zake wameufanya uingie msituni hadi kushindana na miti ya asili. Nawaonyesha wageni sehemu mbili, iliyovamiwa na isiyovamiwa, wajionee tofauti chini ya miguu.

Saa 2:15. Juu kileleni dakika ishirini, si zaidi. Mwili uliotoka jasho hupoa haraka kwenye ukungu, na misuli iliyopoa ndiyo huumiza magoti kwenye mteremko. Kushuka ni hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, mwili ukielekea upande kidogo. Anayejizuia kwa kuegemea nyuma ndiye anayeanguka.

Saa 4. Gari la kukodi linasubiri karibu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Basi la Muheza huondoka asubuhi mapema, kwa hiyo halitufai. Tunasimama Sigi, ilipokuwa stesheni ya reli ya magogo, kutazama maua ya Saintpaulia kwenye miamba yenye kivuli. Kuyachuma ni marufuku. Hata kugusa ukoko wa jiwe kunatosha kuubandua.

Saa 6 mchana. Muheza, wali maharage na machungwa. Nanunua machungwa kumi zaidi, jua la pwani litayadai.

Saa 7:45. Tongoni. Magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yanahitaji nusu saa ya heshima: usipande, usiegemee, chokaa yake ya matumbawe hubomoka kirahisi. Kisha tunashuka ufukweni. Njumu zinavuliwa, raba za kufunga kamba zinavaliwa, kwa maana kandambili tope la mikokoni hulinyonya na peku utakatwa na chaza waliong'ang'ania mizizi. Kwenye maji ya kina cha kifundo buruza miguu mchangani, samaki taa akihisi mtetemo ataondoka mwenyewe. Akikanyagwa hupiga mwiba.

Mlilana, mmoja wa miti ya mikokoni, ndio ulio nje kabisa kuelekea bahari, ndani yake mikoko yenyewe. Tunafuata ukingo wa nje, kilomita mbili. Mafungu ya pwani hii ndiyo yaliyokwamisha São Rafael, meli ya msafara wa Mreno Vasco da Gama, mwezi Aprili 1498; maji yalipojaa ikaelea tena, na Januari 1499 ikachomwa hapa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Saa 9:15. Tunageuka, hata kama bahari inaonekana bado iko mbali. Hapa ndipo wengi hukosea. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu moja tu kati ya kumi na mbili, mtu akadhani yamelala. Saa ya tatu na ya nne hupanda sehemu tatu kila moja. Tena hayaji kutoka mbele: huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kati ya mikoko na nchi kavu, ukajikuta kwenye fungu bila njia. Kila kijito tulichovuka nimekifunga kitambaa chekundu kwenye tawi. Maji ya kijito yakifika magotini tunakivuka kwa kamba. Yakifika pajani tunazunguka kwa juu.

Saa 10:30 jioni. Wote wamehesabiwa, vitambaa vyote vimefunguliwa na kurudi mfukoni.

Saa 2 usiku. Naosha raba kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, kutoa chumvi, la sivyo gundi ya soli hubanduka ndani ya mwezi. Naandika daftarini saa maji yalipopwa kweli na jedwali lilisema nini. Leo pengo lilikuwa dakika 12. Tarehe 5 ijayo nitaondoka Amani robo saa mapema.