Si kama wale

Leo ilikuwa Jumapili ya kura tena hapa Uswisi. Jumapili hizi mimi humkumbuka bibi mmoja niliyemhudumia kwenye makao ya wazee, Mungu amrehemu.

Novemba 2009, kabla ya kura ya kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti, mabango yalizagaa vituoni: minara myeusi imechomoza juu ya bendera ya Uswisi kama makombora, na kando yake mwanamke kafunikwa, yamebaki macho tu. Hiyo minara yenyewe nchi nzima ilikuwa minne! Ule wa Wangen bei Olten mnazi mchanga unaupita. Serikali na bunge waliomba watu wakatae. Asilimia 57.5 wakasema ndiyo, marufuku ikaingia kwenye katiba.

Na mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, ambako ukisema "Minara Miwili" kila mtu anajua unasema kanisa. Ndiyo tulikuwa tukielekezea wageni njia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nikimvisha yule bibi soksi zake za kubana, zile zinazotaka uzivute taratibu. Akanishika mkono. "Mwanangu, nimepiga ndiyo. Lakini wewe si kama wale."

"Wale akina nani, bibi?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Hakupata hata mmoja wa kumtaja. Akanipa chokoleti. Hakuwa amefundishwa kunichukia mimi. Alitengenezewa Waislamu wengine, wa kwenye bango, awaogope hao.

Nilimcheka kimoyomoyo miaka mingi. Machi 2021 ikaja kura ya kupiga marufuku kufunika uso. Nilikuwa nimeshapata uraia, kijitabu chekundu cha maelezo kikaingia kwenye sanduku langu la barua. Wavaaji wa nikabu hapa walikadiriwa makumi machache tu, lakini kila chai ya saa tatu kazini mada ndiyo hiyo, na macho yanaishia kwenye mtandio wangu. Siku moja nikajisikia nasema, upesi, hata sijaulizwa: "Mimi sivai nikabu. Sisi si kama wale."

Shangazi yangu anavaa. Ndiye aliyenilea.

Nikapiga hapana, nikatia sahihi, nikaziba bahasha. Ikapita hata hivyo, kwa asilimia 51.2. Wiki ile shangazi akapiga simu, akaniuliza habari za kazini. Nikamwambia nzuri, shangazi, tunakunywa chai pamoja.