Posa Iliyofika kwa Mjomba

Msimu wa korosho wa mwaka 2009, barua ya posa ilifika kwa mjomba wangu huko Newala, ikitoka kwa wazazi wa kijana ambaye mtaa mzima ulikwisha kuamua kuwa ni mchumba wangu. Sisi Wamakonde hufuata ukoo wa upande wa mama, na neno la mjomba katika ndoa lina uzito mkubwa. Ndiyo maana barua ilianzia kwake.

Mtaa ulikuwa na sababu. Tulisoma pamoja tangu shule ya msingi, tulifuata maji pamoja katika uwanda ule wenye shida ya maji, na jioni tuliketi Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana hadi Msumbiji, tukizungumza mambo ambayo sikupata kumweleza mtu mwingine. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Ninampenda hadi leo, na sioni haya kuandika hivyo.

Mjomba alinikuta uani nikichambua korosho juu ya turubai, zile nono zinazong'aa upande huu, zilizosinyaa na zenye madoa upande ule. Akachuchumaa, akaanza kuchambua nami.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna barua, na sitaijibu kabla sijakusikia. Kijana huyu akioa mwingine mwezi ujao, utakuwaje?"

Nilijibu papo hapo kwamba nitafurahi, nitashinda jikoni siku ya shughuli na kucheza ngoma hadi alfajiri.

"Na yule mwalimu wa Masasi akioa mwingine?"

Sikujua kwamba ana habari za mwalimu. Mikono yangu ilisimama juu ya korosho, koo likanikauka, na mjomba hakungoja jibu. Aliirudisha barua siku ile ile pamoja na fedha zilizoambatana nayo, kwa maneno ya heshima.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, aliandika mwaka 1986 kuwa mapenzi yana nguzo tatu: ukaribu, shauku na ahadi. Kwa rafiki yangu nilikuwa na ukaribu na ahadi tele. Kwa mwalimu, ambaye nilikuwa simjui hata nusu yake, shauku ilitangulia vyote. Upendo usio na tamaa ya mwili umepewa jina la Plato, Mgiriki wa kale, aliyeeleza upendo kama ngazi inayoanzia kwenye uzuri wa mwili mmoja, ikapitia uzuri wa nafsi na kupanda hadi uzuri wenyewe. Upendo wangu na rafiki yangu haukupitia ngazi hiyo, maana ulianzia kwenye mazungumzo, na ninakataa kabisa kuuita mapenzi pungufu.

Rafiki yangu alikuja kesho yake, uso umemshuka. Alisema mama yake ndiye aliyeandikisha barua, naye alikubali kwa kuogopa kwamba nikiolewa Masasi atanipoteza. Nilimuuliza kama anaumia akiniwazia mikononi mwa mwalimu. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema hapana, kinachomuuma ni kuketi Shimo la Mungu peke yake. Nikamwambia mume atakayenikataza kuzungumza naye sitamkubali. Ndipo akaniomba nimsindikize kwa mama yake, kwa kuwa angeaibika kumweleza haya akiwa peke yake, nasi tukaondoka mara moja.